Kuvu Iliyoshiba Sukari

Kuvu ile niliitoa mwenyewe kwenye udongo wa Jomvu Kuu, chini ya kipande cha turubai kuukuu kilichotupwa kando ya shamba la mihogo. Nilipokivuta kilikatika mkononi kama mkate uliolowa maji, na upande wa chini palikuwa na utando wa kijani unaonuka kama sanduku lililofungwa miaka mingi. Mtu mwingine angefuta mikono akaenda zake. Mimi nilishangilia peke yangu njiani, nikautia udongo ule kwenye kopo, nikarudi nao Changamwe mbio, kila hatua nikihofu kwamba jua litaiua kuvu kabla sijafika.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Vita ilikuwa haijakwisha. Hapo Changamwe, karibu na reli, palikuwa na bohari la jeshi ambamo mahema yalitiwa dawa ya shaba ili yasioze, kisha yakapakiwa kwenye mabehewa hadi bandarini, na kutoka bandarini yakaenda Burma, ambako askari wetu walipigana chini ya mvua isiyokatika. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Katika barua yake ya pili alituandikia kwamba hema lao lilipasuka usiku mmoja tu baada ya kusimamishwa, na kwamba tangu hapo yeye na wenzake wanalala wamesimama kama punda. Aliandika kama mzaha. Mama hakucheka, wala mimi.

Nilikuwa nimetoka chuoni, kule Uganda, na hati yangu ilikuwa ndani ya bahasha ambayo mama aliizungushia leso yake ya kanisani. Kwetu Rabai hakuna aliyewahi kusoma kufika hapo. Nikapewa kazi ya kupima kama dawa ile inafaa. Nilichukua ukanda wa kitambaa cha hema kilichotiwa dawa, nikauweka katika chupa pamoja na kuvu kali kuliko zote nilizoweza kuzipata, nikangoja siku kumi na nne, halafu nikautundika na kuufungia ndoo chini yake. Ndoo ikamiminiwa mchanga kidogo kidogo mpaka ukanda ukatike. Ukibeba mchanga mwingi, dawa ni nzuri. Ukikatika upesi, dawa haifai, na mahema hayaendi kokote.

Sasa, kuvu haina mdomo wala meno. Inachokula lazima ikiyeyushe nje ya mwili wake kwanza, ndipo ikinywe. Kwa hiyo inatema majimaji, na ndani ya majimaji hayo mna vitu ambavyo sisi tuliosoma tunaviita vimeng'enya. Vimeng'enya ndivyo vinavyokata nyuzi za pamba. Lakini kuvu haivitemi ovyo. Kuvitengeneza ni kazi ya jasho, na kuvu, kama kiumbe yeyote mwenye akili, haitoki jasho pasipo sababu. Ukiilisha pumba za ngano na chumvi chache za mbolea, inakua kwa shida, inakuwa nyembamba, ina rangi ya vumbi, na inatema vimeng'enya vingi kwa sababu lazima itafute chakula. Ukiilisha sukari, inanenepa, inajaa chupani nyeupe na laini kama tui zito la nazi, na haitemi chochote. Chakula kimekwisha letwa mezani. Ukanda wa pamba unaweza kukaa ubavuni mwake mwezi mzima usiguswe.

Jambo hilo nilisomeshwa. Nililijua. Ndiyo maana chupa zangu nilizilisha pumba.

Mkuu wetu naye alikuwa Mzungu mwenye masharubu mekundu ambaye kabla ya vita alikuwa akiuza rangi za nyumba. Kuvu aliipima kwa jicho. Chupa iliyojaa ni nzuri, chupa isiyojaa ni ya mvivu. Yeye mwenyewe alikuwa na rafu ya chupa za mbegu, za kuikuza kuvu upesi, na hizo zilitiwa sukari, na hapo ndipo ilipostahili kutiwa. Kila asubuhi alisimama kati ya rafu yake na yangu, mikono kiunoni.

"Wewe kijana," alikuwa akisema, "hii kuvu ya wewe iko nyembamba sana. Hapana pata chakula?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, nikimweleza habari ya pumba na sukari. Alinirudishia Kiswahili chake kile kile cha kumwagizia mpishi mayai.

"Maneno mingi. Kuvu hapana nona."

Kila siku. Mbele ya wapakaji dawa, mbele ya makarani, mbele ya wachukuzi waliokuja kunywa maji kwenye pipa letu. Ningeweza kulivumilia tusi. Sikuweza kuvumilia kwamba nilimsemesha lugha yake, kwa ufasaha uliogharimu miaka yangu yote ya ujana, naye akakataa hata kuonyesha kwamba ameisikia. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikizipanga upya sentensi nilizomwambia asubuhi, nikitafuta neno lililokosekana, kana kwamba kosa lilikuwa katika maneno.

Aliyenisaidia kazi alikuwa mzee mmoja wa Jomvu Kuu, muoshaji wa chupa. Ndiye aliyezichemsha kwa mvuke ndani ya pipa, na ndiye aliyemimina mchanga kwenye ndoo, polepole, akisema bismillahi kila kata moja. Alikuwa amezika mke na alikuwa akilea wajukuu watano. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, nami nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kumwamkia mtu mwingine yeyote.

Yalipoletwa mahema mapya, mengi kuliko tuliyowahi kuyaona, nilitengeneza chupa za kipimo kama kawaida. Nikaomba niweke na kanda zisizotiwa dawa, kando, ili nione kuvu inazila. Kipimo bila hivyo si kipimo. Kama kitambaa kitupu hakikuoza, huwezi kusema kitambaa chenye dawa kimepona kwa sababu ya dawa. Mkuu alinikatalia. Alisema kitambaa ni mali ya vita na hakichezewi.

Siku ya kumi na nne kanda zilitoka nzima. Mzee alimimina mchanga mpaka ndoo ikafurika, kamba ya ndoo ikakatika, ukanda ukabaki unaning'inia. Wapakaji dawa wakapiga makofi. Chupa zangu, kwa mara ya kwanza, zilikuwa zimejaa, nyeupe tele, na mkuu akanipiga begani.

"Sasa wewe najua kazi," akasema, akatia sahihi kwamba mahema yaende.

Ningepaswa kufurahi, nami nilifurahi kwa muda wa kutembea kutoka bohari hadi njia panda ya kwetu. Hapo nikasimama. Pumba zangu hazijawahi kutoa kuvu nyeupe. Nikaanza kuhesabu visababishi: labda pumba za gunia jipya ni nzuri zaidi, labda joto la mwezi huu, labda nilipima chumvi vibaya, labda mimi ni mjinga na chuo kilinipa hati kwa huruma. Nilifika nyumbani, nikavuta shuka langu la amerikani, pamba tupu, kitandani, nikachana ukanda.

"Umesomea kuchana mashuka?" mama akauliza kutoka mlangoni.

"Ni kipimo, mama."

"Basi pima na kulala bila shuka."

Ule ukanda wa amerikani, usio na dawa hata tone, niliutia katika mojawapo ya chupa zile nyeupe. Baada ya wiki moja niliutoa. Ulikuwa mzima. Nikauvuta kwa mikono miwili, nikaning'inia nao kwenye mlango wa bohari kama tumbili, ukanibeba. Kuvu ile haikuwa ikila kitu. Basi kumbe haikujaribiwa dawa yoyote, na sahihi ilikuwa imekwisha kutiwa.

Kesho yake nikaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga kwenye rafu yangu, mstari mwembamba, wakielekea tone lililokauka chini ya mdomo wa chupa. Miezi yote ile sisimizi walikwenda rafu ya mkuu, hawakuwahi kuja kwangu. Hawali pumba zilizochemshwa. Nikatoka nje kwenye pipa la mvuke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeukunja, umekunywa shubiri?"

"Mzee, nani ametia sukari kwenye chupa zangu?"

Hakujificha. Alitabasamu kabisa, akajifuta mikono kwa shuka lake.

"Umeona zilivyonawiri? Nilikuwa nangoja uone mwenyewe."

"Ulitia wewe?"

"Kijiko kijiko. Naitia kabla ya kuchemsha, nisije nikaingiza uchafu, najua kazi yenu. Yule bwana yuwakutukana kila kukicha mbele za watu, chupa zako zimekonda, chupa zako zimekonda. Hata kwetu, mwanangu, kiumbe umekifungia ndani, hakiwezi kwenda kujitafutia, utakipa pumba? Ni haya. Wallahi wiki tatu nanywa chai kavu. Mgao wangu wote wa sukari umo mle."

Nilikaa juu ya gogo la kuni. Nilitaka kumpigia kelele, na kila kelele iliyonijia kooni ilikuta mtu aliyenywa chai kavu wiki tatu kwa ajili yangu. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mkuu, kwa sababu yeye alinisikiliza.

"Kuvu ikishiba haifanyi kazi, mzee."

"Ee! Kama bwana aliyeoa kwa matajiri."

"Ndivyo hasa."

Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Basi yale mahema hayakupimwa."

"Hayakupimwa."

"Na ndugu yako yuko huko huko."

Aliingia ndani, akaanza kuzimwaga chupa zile moja moja, nami nikamzuia kwa sababu nilizihitaji kama ushahidi.

Nilikipima upya kile kitambaa. Nilitumia makopo ya maziwa matupu, pumba, chumvi, na kuvu yangu nyembamba ya Jomvu Kuu, bila sukari, nikimlinda mzee na makopo kwa pamoja. Sikuweza kungoja siku kumi na nne kwa sababu meli ilikuwa njiani. Siku ya tisa nikautoa ukanda wa hema wenye dawa. Ulikuwa na mabaka ya manjano. Mzee alimimina kata ya tatu ya mchanga na ukakatika, bila hata mlio. Dawa ilikuwa nyepesi mno. Labda ilizimuliwa maji, labda ilikaa kwenye madumu ikaharibika, sijui mpaka leo na si hilo lililonikera.

Nilikwenda kwa mkuu na vipande viwili mkononi. Nilikuwa nimejitayarisha tangu alfajiri. Nilimwekea mezani, nikamweleza kwamba kuvu ya kwanza ilikuwa na chakula chepesi kwa hiyo haikutoa vimeng'enya, na kwamba ile ya pili, yenye njaa, ilitoa, na kitambaa chenye dawa yetu kikaliwa. Sikutaja neno sukari. Nilisema "chakula chepesi." Nilijua anayechezea kipimo cha jeshi wakati wa vita anapelekwa wapi, na nilijua wajukuu watano wanakula mikononi mwa nani.

Alivitazama vile vipande.

"Kuvu nono hapana kula," akasema, "kuvu nyembamba nakula? Wewe nafikiri mimi mtoto?"

"Ndivyo ilivyo, bwana. Ndivyo kuvu zote za udongo zilivyo."

"Mtu iko na nguvu, iko mnene. Ng'ombe iko na nguvu, iko mnene. Wewe naleta mimi hadithi ya makopo."

Akavisukuma vipande vikaanguka sakafuni.

Siku ya pili nikarudi. Nilimletea chupa yake mwenyewe, ya mbegu, nikamwomba atie ndani ukanda wowote autakao, ajionee kwa macho yake. Akasema chupa zile si zangu. Sikulala vizuri, sikula, mama akanilazimisha kunywa uji kama mgonjwa. Nilikuwa nikipima: nikisema ukweli wote, mzee anakwenda jela. Nisiposema, mahema yanakwenda. Labda hayatafika kwa kaka. Labda yatafika kwa kaka wa mtu mwingine, na hiyo ni afadhali ya namna gani? Labda mvua itakuwa imekwisha. Labda wana mahema mengine. Nilipima hivyo siku nzima, mtu mzima mwenye hati, na wakati ninapima wachukuzi walikuwa wakipakia. Hasira zangu zote kwa mtu yule hazijanifutia siku ile.

Siku ya tatu, asubuhi, mabehewa mawili yalikuwa yameshakokotwa kwenda bandarini na mengine matatu yalikuwa yakisubiri garimoshi. Mkuu alikuwa amesimama jukwaani na karatasi zake. Mzee alikuwa mlangoni ameshika kata ya mchanga. Nikapanda jukwaa bila kuamkia mtu.

"Mimi nilitia sukari kwenye chupa," nikasema. "Kipimo kile ni batili. Nilitia mimi, ili zionekane nono."

Nilitazamia nitaulizwa tena juu ya ng'ombe. Nilikuwa na majibu. Lakini uso wake ulibadilika hapo hapo, ukalegea, karibu useme amepumzika. Na kwa mara ya kwanza tangu nifahamiane naye, akanisemesha Kiingereza.

Aliniambia alijua tangu mwanzo. Aliniambia kwamba watu wetu hata wakisomeshwa namna gani hawaachi udanganyifu. Alisema hivyo kwa sentensi ndefu, nzuri, zenye vituo, nami nilikuwa nimezililia sentensi hizo miezi minne. Siku mbili nilimletea ukweli mkononi, ukiwa umechanika, anaweza kuugusa, akaukataa. Uongo mmoja aliuamini kabla sijamaliza kuusema, kwa sababu ulikuwa na mtu mweusi mwenye kosa ndani yake. Sasa alikuwa na wa kumtwika. Sahihi yake haikuwa tena na aibu. Akakimbilia simu, nami nikasikia akiamuru mabehewa yasimame.

Mzee alifungua kinywa. Nilimwona akiivuta pumzi ya kusema.

"Mzee," nikamwahi, "chupa zinachemka."

Kisha akaweka ile kata chini, akaenda kwenye pipa lake. Nilikuwa nimemwomba aende, na alipokwenda nikamchukia. Nasema kweli. Nilimchukia mpaka nilipokuwa nimeshavuka reli na hati yangu, niliyorudishiwa ofisini, kwapani.

Nyumbani mama alikuwa akimenya mihogo uani. Nilimsimulia yote, nikiwa nimesimama.

"Wamekufukuza."

"Wamenifukuza. Jela hapana; kesi ingemuuliza kwa nini alivikataa vile vipande."

"Na mahema?"

"Matatu yamezuiwa. Mabehewa, nasema. Yatapakwa upya."

"Yaliyokwenda?"

"Mawili. Yamekwisha pakiwa melini."

Hakuniuliza mawili ni mahema mangapi. Alimenya muhogo ule mpaka nyama yake nyeupe ikaisha pamoja na maganda, kisha akautupa ule uzi uliobaki.

"Mwandikie," akasema.

Nilijua mkaguzi wa barua haachi habari yoyote ya mali ya jeshi ipite. Niliandika mara nyingi, nikachana. Nilijaribu kuificha ndani ya habari za shamba, nikaona mpumbavu tu ndiye atakayedanganyika. Mwishowe nikaandika wazi, mistari minne: kama hema lenu ni la kijani jipya, limetoka Mombasa, liangalieni kila asubuhi kwenye mishono. Mkiona baka la manjano, msilikaze kamba, hata lisimame vipi. Msilale chini yake wakati wa upepo. Waambie na wenzako. Halafu nikajaza salamu za jamaa wote, hata wale asiowapenda, ili mistari ile minne ionekane midogo.

Mzee wa Jomvu Kuu alikuja Jumapili, baada ya ibada yetu, akiwa na kanzu safi. Mama alimpa kiti na chai. Alikataa sukari. Mama akadhani ni adabu, akamtilia kwa nguvu, vijiko viwili, naye akaishika ile bilauri mpaka ikapoa. Aliniambia bado yuko kazini, na kwamba amekuja kijana mwingine, hana maneno, anatia sukari kama anavyoambiwa, na chupa zote za rafu mbili sasa ni nono.

"Umemwambia?" nikamuuliza.

"Nimemwambia. Akanambia, mzee, wewe osha chupa."

Jibu la kaka lilichukua miezi miwili na nusu. Mwandiko ulikuwa wake, umepinda kidogo, karatasi imenyauka kwa unyevu. Alisema yu hai, miguu inamwuma, mvua imerudi. Alisema barua yangu ilimfika ikiwa na dirisha katikati, limekatwa kwa mkasi, nadhifu, pande zote nne, hata akaliinua akatazama miti kupitia humo na wenzake wakamcheka. Juu ya dirisha alisoma shikamoo zangu, chini yake akasoma salamu za jamaa.

Akauliza hapo katikati nilikuwa nikimwambia nini.